Mashua iitwayo Rutshuru: Kongo inayouzwa kwa watalii Florida, na ile iliyobaki Rubaya

Barabara inayotoka Sake na kupanda milima ya Masisi hadi Rubaya inajulikana kwa kila dereva wa Kivu Kaskazini. Mvua ikinyesha, lori linazama kwenye tope, pikipiki inasukumwa kwa mikono, na mwendo wa kilomita kama 60 kutoka Goma unaweza kumaliza siku nzima.

Huko Florida, Marekani, kuna barabara iliyotengenezwa makusudi ifanane na hiyo. Mafundi walimwaga zege, wakalitia rangi ya udongo, wakachanganya mawe na vijiti, kisha wakapitisha matairi juu yake kabla halijakauka, ili lionekane kama njia ya kijijini iliyoharibiwa na mvua. Watalii wanalipa zaidi ya dola 100 kwa siku kuingia mahali hapo, na moja ya furaha zao ni kupanda lori lililo wazi na kutikiswa kwenye mashimo hayo ya zege.

Mahali hapo ni Disney's Animal Kingdom, moja kati ya bustani nne kubwa za burudani za Walt Disney World, karibu na mji wa Orlando. Sehemu yake ya Afrika ina kijiji kizima kinachoitwa Harambe, na maneno yaliyoandikwa pale ni ya Kiswahili.

Kwa familia nyingi za Kivu zinazoishi sasa Marekani, Kanada na Ulaya, bustani hizi si habari za televisheni tena. Watoto wanazisikia shuleni, na vakansi zikikaribia wanaomba kupelekwa. Wazazi wanaofanikiwa kukusanya pesa hizo wanakuta kitu ambacho hawakukitarajia: majina ya nyumbani. Kuna mto Congo, kuna mji wa Stanleyville, na kuna hata mashua iitwayo Rutshuru.

Parke ya wanyama na parke ya michezo

Katika Kiswahili cha Kivu, neno "parke" lina maana moja tu. Ni Virunga, ni Kahuzi-Biega, ni Maiko. Ni ardhi yenye wanyama na walinzi, ambayo mkulima haruhusiwi kulima wala kukata mti wa kuchoma makala. Watu wa Rutshuru na Masisi wamezaliwa wakilijua neno hilo, na mara nyingi wamegombana nalo.

Parke ya Marekani ni kitu kingine. Ni uwanja mkubwa uliozungushiwa uzio, wenye treni zinazoruka na kupinduka hewani, mito ya kuchimbwa, milima ya zege, maduka na mikahawa. Aliyeweka mfano uliofuatwa na wengine ni Walt Disney, mtengenezaji wa filamu za katuni, alipofungua Disneyland huko California tarehe 17 Julai 1955. Florida ikafuata tarehe 1 Oktoba 1971. Leo hii bustani ya Magic Kingdom peke yake, iliyo ndani ya Walt Disney World, inapokea watu zaidi ya milioni 17 kwa mwaka.

Kila bustani ya namna hiyo inauza hadithi pamoja na michezo. Mgeni anaingia mlangoni na kuambiwa: hapa uko Ulaya ya zamani, hapa uko angani, hapa uko Afrika. Na tangu siku ya kwanza, Afrika iliyochaguliwa mara nyingi ilikuwa na jina la Kongo.

Harambe, mji ambao haupo

Disney's Animal Kingdom ilifunguliwa tarehe 22 Aprili 1998. Kabla ya kujenga, wabunifu wake walisafiri Afrika Mashariki, na mji waliouiga zaidi ni Lamu, kisiwa cha Waswahili kwenye pwani ya Kenya. Wakajenga kuta zenye plasta iliyobanduka na rangi iliyofifia, vitu vipya vilivyotengenezwa vionekane vya zamani.

Jina Harambe limetoka kwenye "harambee", wito wa Wakenya wa kuvuta pamoja ambao Jomo Kenyatta aliufanya kuwa wito wa taifa. Mkongomani wa umri fulani, akiambiwa maana yake, atakumbuka salongo ya wakati wa Mobutu. Hadithi iliyotungwa kwa ajili ya mji huo inasema ulipata uhuru mwaka 1961. Ni mwaka wa uhuru wa Tanganyika. Kwa Wakongomani, ni mwaka ambao Patrice Lumumba aliuawa.

Kiswahili kiko kila upande. Kibanda cha vinywaji na vitu vitamu kinaitwa Tamu Tamu. Baa inaitwa Dawa. Hoteli iliyo karibu, iliyofunguliwa mwaka 2001, ina jengo liitwalo Jambo House na jingine liitwalo Kidani Village, na mikahawa yake inaitwa Boma, Jiko na Sanaa. Rubaya, jiko ni lile la makala ambalo mama analipuliza asubuhi kabla watoto hawajaamka. Kule, Jiko ni mkahawa wa bei kubwa unaosifika kwa mvinyo za Afrika Kusini.

Kutoka Harambe ndipo malori yanapoanza ile safari ya barabara ya zege, inayoitwa Kilimanjaro Safaris. Simba, twiga, viboko na tembo wanaoonekana ni wanyama hai. Mibuyu mikubwa iliyo njiani ni ya kutengenezwa. Eneo lote la safari hiyo ni kama hekta 45. Virunga, kwa kulinganisha, ina kilomita za mraba karibu 7,800.

Miaka ya mwanzo safari hiyo ilikuwa na mchezo wa kuigiza ndani yake. Dereva alipokea ujumbe kwenye redio kwamba majangili wamemvamia tembo na mtoto wake, na lori lote likawafukuza. Mwishoni majangili walikamatwa na mtoto wa tembo akaokolewa, safari baada ya safari, siku nzima. Baadaye mchezo huo uliondolewa. Virunga, mambo hayaishi hivyo. Katika historia ya parke hiyo walinzi zaidi ya 200 wameuawa wakiwa kazini. Mwezi Aprili 2020, karibu na Rumangabo, shambulio moja liliua watu 17, wengi wao walinzi.

"Matata" ya Kivu

Ndani ya Harambe kuna ukumbi mkubwa wa maonyesho ya Lion King, filamu ya mwaka 1994 iliyoufanya ulimwengu mzima uimbe maneno mawili ya Kiswahili: hakuna matata. Disney iliomba kusajili maneno hayo kama alama yake ya biashara kwa ajili ya nguo, na usajili ukakamilika mwaka 2003. Mwaka 2018 raia mmoja wa Zimbabwe alianzisha ombi mtandaoni la kuipinga hatua hiyo, na watu zaidi ya 100,000 wakaweka sahihi.

Usajili huo haukumkataza mtu yeyote kusema maneno hayo. Lakini kwa msemaji wa Kivu kuna jambo jingine. Mswahili wa pwani, katika maongezi ya kila siku, husema zaidi "shida" au "tatizo". Neno "matata" linaishi hasa huku. Mtu wa Masisi akisema "kuko matata" barabarani, abiria hawaimbi. Wanashuka, wanauliza nani anapigana na nani, na wanatafuta njia nyingine.

Jina Simba nalo lina historia yake. Kwa mtoto wa Marekani ni mwanasimba wa kwenye filamu. Kwa wazee wa Kisangani, Uvira na Fizi ni waasi wa mwaka 1964, vita ambayo familia nyingi hazijaisahau.

Dakika 10 kwenye mto Congo

Mchezo wa mashua unaoitwa Jungle Cruise ulikuwepo siku Disneyland ilipofunguliwa mwaka 1955. Ule wa Florida, ulio ndani ya Magic Kingdom, unampitisha mgeni kwenye mito minne ya dunia: Amazon, Congo, Nile na Mekong. Yote hiyo kwa muda wa dakika kama 10.

Nahodha anashika usukani, lakini mashua inafuata reli iliyofichwa chini ya maji. Maji yenyewe yametiwa rangi ili reli isionekane. Viboko, tembo na mamba ni mashine.

Mashua zimepewa majina ya mito ikifuatiwa na jina la mwanamke. Mkongomani anayesoma majina hayo anaweza kudhani yuko darasa la jiografia: Congo Connie, Sankuru Sadie, Bomokandi Bertha, Mongala Millie, Wamba Wanda. Na kati yake imo Rutshuru Ruby.

Rutshuru ni mto wa Kivu Kaskazini, na ni jina la teritware inayopakana na Masisi. Watu wake wengi wamelikimbia eneo hilo, wakarudi, wakakimbia tena kwa miaka 30 iliyopita. Mtalii aliyeketi kwenye mashua hiyo akicheka utani wa nahodha hana habari hiyo, na hakuna anayemwambia.

Kwa miaka mingi, kando ya mito hiyo ya kuchimbwa, kulikuwa na sanamu za "wenyeji" wenye mikuki, wacheza ngoma, na mfanyabiashara mmoja anayeuza vichwa vya watu. Mwezi Januari 2021, baada ya malalamiko, Disney ilitangaza kwamba itaziondoa picha hizo za kuwadharau watu. Zilikuwa zimekaa pale kwa miongo kadhaa. Vizazi viwili vya watoto wa Marekani viliijua Kongo kwanza kwa njia hiyo, kabla ya kuiona kwenye ramani.

Stanleyville haijabadilishwa jina

Kusini-magharibi mwa Orlando, katika mji wa Tampa, kuna bustani nyingine kubwa, Busch Gardens. Ilifunguliwa mwaka 1959 na kampuni ya bia ya Anheuser-Busch, karibu na kiwanda chake. Wageni walikuja kutazama ndege na kunywa bia ya bure. Baadaye kampuni ikaleta wanyama wa Afrika na kuigawa bustani katika sehemu zenye majina ya Afrika. Katika miaka ya 1970 ikajiita "The Dark Continent", yaani bara la giza, maneno ambayo Henry Morton Stanley aliyatia kwenye jina la kitabu chake cha mwaka 1878.

Moja ya sehemu hizo inaitwa Stanleyville.

Stanleyville ni jina ambalo Wabelgiji waliupa mji wa Kisangani. Serikali ya Kongo ililifuta mwaka 1966. Mwaka 1971 nchi yenyewe ikaitwa Zaire, na sanamu ya Stanley iliyokuwa ikitazama mto huko Kinshasa ikang'olewa. Ni katika miaka hiyo hiyo, wakati Zaire inafuta majina ya wakoloni, ndipo bustani ya Florida ilipokuwa inayapandisha juu ya milango yake.

Leo ndani ya Stanleyville hiyo kuna treni ya michezo iitwayo SheiKra, iliyoanza mwaka 2005. Inapanda mita 61, inasimama ukingoni kidogo, kisha inaanguka wima kama jiwe. Upande wa pili, katika sehemu inayoitwa Congo, kuna nyingine ya mwaka 1993 iitwayo Kumba, inayowapindua abiria vichwa chini mara saba. Bustani inaeleza kwamba jina hilo ni la Kikongo na maana yake ni ngurumo. Msemaji wa Kiswahili atalisikia tofauti: kumba ni kumsukuma mtu kwa mwili. Kwa treni hiyo, maana zote mbili zinafaa.

Historia ya bustani hiyo ina kipande kimoja ambacho Mkongomani hawezi kukipita bila kutabasamu. Mwaka 2008, Anheuser-Busch ilinunuliwa na InBev, kampuni ya bia yenye makao makuu Leuven, Ubelgiji. Bustani ziliuzwa kwa wengine mwishoni mwa 2009. Kwa hiyo, kwa muda wa karibu mwaka mmoja, Stanleyville ilirudi mikononi mwa kampuni ya Ubelgiji, zaidi ya miaka 40 baada ya Kisangani kuachana na jina hilo.

Walipoonyeshwa watu

Kuicheka zege na mashine ni rahisi. Lakini biashara ya kuonyesha Kongo kwa watu walio mapumzikoni ilianza zamani, na mwanzoni hawakutumia sanamu.

Mwaka 1897, Mfalme Leopold wa Pili alileta Wakongomani 267 hadi Tervuren, karibu na Brussels, wakae kwenye vijiji vya maonyesho. Wabelgiji walikuja kwa wingi kuwatazama wakipika, wakipiga makasia, wakicheza ngoma. Majira ya joto mwaka huo yalikuwa ya mvua na baridi. Watu saba walikufa. Makaburi yao yapo hadi leo kando ya kanisa la Tervuren.

Mwaka 1904, kijana Ota Benga, Mbuti kutoka Kongo, alipelekwa kwenye maonyesho ya dunia huko St. Louis, Marekani. Mwaka 1906 aliwekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na maelfu ya watu wakalipanga foleni kumwona. Wachungaji weusi wa mji huo walipinga hadi akatolewa. Alijiua mwezi Machi 1916. Shirika la WCS, linaloendesha bustani hiyo na ambalo pia linafanya kazi ya kulinda misitu ya Kongo, liliomba msamaha hadharani mwaka 2020, miaka 114 baadaye.

Na mwaka 1958, miaka miwili tu kabla ya uhuru, kwenye maonyesho makubwa ya Brussels, kulikuwa tena na kijiji cha Wakongomani nyuma ya uzio. Wageni waliwarushia chakula. Wakongomani hao walichoka na matusi na wakarudi nyumbani kabla maonyesho hayajafungwa. Jengo la Atomium, ambalo watalii wanalipiga picha Brussels hadi sasa, lilijengwa kwa ajili ya maonyesho hayo hayo.

Bustani za leo hazifanyi hivyo. Zinaajiri watu kwa mshahara, na Disney huleta vijana kutoka nchi za Afrika kuwapokea wageni na kuwaeleza habari za kwao. Hiyo ni tofauti kubwa na ni haki isemwe. Lakini anayepanga hadithi bado si yule ambaye hadithi inamhusu.

Gorila wa Kasugho

Kuna sehemu moja ambapo bustani hizi zimefika Kivu kweli, tena si kwa jina tu.

Animal Kingdom ina njia ya kutembea kwa miguu ambapo wageni wanawatazama gorila. Hao ni gorila wa tambarare za magharibi, si wale ambao watu wa Masisi na Rutshuru wanawaita ngagi. Gorila wa Grauer, wakubwa kuliko wote, wanaishi mashariki ya Kongo peke yake: Kahuzi-Biega, Maiko, misitu ya Walikale na maeneo ya jirani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba wamebaki kama 6,800.

Watoto wa gorila hao wanapookolewa mikononi mwa wawindaji, wengi wanapelekwa kituo cha GRACE huko Kasugho, teritware ya Lubero. Kituo hicho kilianzishwa na shirika la Dian Fossey kwa msaada wa Disney na wataalamu wake wa wanyama. Gorila wa kwanza walifika mwaka 2010, wakibebwa na helikopta za Umoja wa Mataifa kwa sababu barabara haikufaa. Wafanyakazi wanaowalea ni Wakongomani wa eneo hilo, na wamebaki kazini hata wakati vita vilipokaribia.

Hapo pesa ya mtalii wa Florida imefanya kazi inayoonekana Kivu Kaskazini. Bustani kadhaa za wanyama za Marekani zinafanya zaidi: zinakusanya simu za zamani na kuwaeleza wageni kwamba ndani yake kuna madini yanayotoka kwenye misitu ya gorila, na kwamba machimbo yanaleta uwindaji. Maelezo hayo ni ya kweli. Lakini mara nyingi yanaishia kwa gorila. Mtu anayechimba madini hayo haonekani, au anaonekana kama tisho tu.

Rubaya ndani ya mfuko

Madini hayo ni koltani. Rubaya inaishi kwayo. Milima inayozunguka mji imetobolewa mashimo na wachimbaji wanaofanya kazi kwa sururu, chepeo na taa ya kichwani. Wengine wanabeba mifuko mabegani kuteremka hadi kwenye maji ambako udongo unaoshwa. Mvua ikizidi, ardhi inaporomoka na watu wanafukiwa. Kipato ni dola chache kwa siku, na siku nyingine hakuna. Watoto pia wanaonekana huko, ingawa sheria ya Kongo inakataza.

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanakadiria kwamba Rubaya inatoa karibu asilimia 15 ya tantali yote duniani. Tangu mwishoni mwa Aprili 2024 mji huo uko chini ya M23, na wataalamu hao walikadiria kwamba kundi hilo lilikuwa likikusanya kodi ya karibu dola 800,000 kwa mwezi kutoka kwenye biashara hiyo.

Tantali inatumika kutengeneza vifaa vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu, kamera na kompyuta. Na hakuna mahali ambapo simu inafanya kazi zaidi kuliko kwenye bustani ya burudani. Mgeni wa Disney anaitumia kuonyesha tikiti, kununua nafasi ya kupita foleni ndefu, kuagiza chakula, kutafuta njia na kupiga picha. Simu ikizima, siku yake imeharibika.

Hakuna anayeweza kuishika simu moja na kuapa kwamba koltani yake imetoka Rubaya, kwa kuwa madini ya sehemu nyingi huchanganywa kabla ya kufika viwandani. Lakini kwa hesabu ya asilimia 15, kati ya maelfu wanaopanda lori la Harambe kwa siku, wapo wanaobeba kipande cha Masisi mfukoni. Wanakitumia kupiga picha ya Afrika ya zege.

Nani anakwenda, na kwa bei gani

Kwa mkaaji wa Rubaya, safari hiyo haimo katika mawazo. Ombi la viza ya Marekani peke yake linalipiwa dola 185 kwa kila mtu, pesa ambayo hairudishwi hata ukikataliwa, na mahojiano yanafanyika Kinshasa. Kiwanja cha ndege cha Goma kilifungwa Januari 2025 mji ulipoingia mikononi mwa M23, na wasafiri wakalazimika kuzunguka kupitia nchi jirani.

Wanaokwenda ni wale ambao tayari wako ng'ambo. Wengi walipita kambi za wakimbizi: Kiziba na Gihembe huko Rwanda, Nakivale huko Uganda, Nyarugusu huko Tanzania. Kuanzia mwaka 2012 shirika la UNHCR liliweka mpango wa kuwahamishia Wakongomani wasiopungua 50,000 katika nchi nyingine, na Marekani ikawapokea wengi zaidi. Mlango huo ulifungwa Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha kupokea wakimbizi.

Kwao pia gharama si ndogo. Familia ya watu watano inalipa zaidi ya dola 500 mlangoni kwa siku moja Disney, kabla ya chakula, hoteli na gharama ya kuegesha gari. Mtoto wa chini ya miaka 3 halipi. Bei inabadilika kufuatana na tarehe: siku za katikati ya juma wakati watoto wako shuleni ni nafuu, Noeli na Pasaka ni ghali. Mgeni anaruhusiwa kuingia na chakula chake na maji, jambo ambalo familia nyingi hulijua wakiwa wameshachelewa.

Lakini mtoto wa Masisi anaingia Harambe na kitu ambacho wageni wengi hawana. Anaweza kuisoma. Wengine wanaona "Tamu Tamu", "Dawa" na "Uhuru" kama mapambo. Yeye, kama nyumbani wanaongea Kiswahili, anajua kila neno, na anaweza kumgeukia rafiki yake na kumfundisha. Anaweza pia kusema kwamba Rutshuru si jina la mwanamke, ni mto, na bibi yake alichota maji huko.

Mtoto huyo akiwa hajui Kiswahili, anayaona maneno yale yale kama mgeni mwingine yeyote. Anayapiga picha na kupita. Hiyo ndiyo hasara ambayo bei ya tikiti haionyeshi: kununua kwa dola 100 hadithi ya kwenu, iliyotungwa na watu wengine, kwa sababu ile ya kweli haikusimuliwa nyumbani.

Parke iliyoko nyumbani

Virunga iliundwa tarehe 21 Aprili 1925, na ni parke ya taifa ya kwanza barani Afrika. UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1979, na tangu 1994 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Ilipofunguliwa tena kwa watalii Februari 2019, kibali cha kuwaona gorila kilikuwa dola 400, wakati Rwanda, upande wa pili wa milima ile ile, kilikuwa dola 1,500. Machi 2020 ilifungwa kwa sababu ya Covid, kisha vita vikarudi.

Masisi yenyewe imeitwa mara nyingi Uswisi ya Afrika, kwa ajili ya milima yake ya majani mabichi, ng'ombe, baridi ya asubuhi na fromaji inayouzwa hadi Kinshasa. Hakuna anayehitaji kuijenga. Kinachokosekana ni barabara inayopitika na usalama wa kuipita.

Florida, mashua ya Rutshuru Ruby inamaliza dakika zake 10 na kurudi pale ilipoanzia, kwa sababu reli haina njia nyingine. Mto Rutshuru wenyewe unateremka hadi ziwa Edouard, unatoka kwa jina la Semliki hadi ziwa Albert, na maji yake yanaendelea hadi Nile na bahari. Kwa sasa yanasafiri kwa uhuru zaidi kuliko watu wanaoyachota.